Bingwa Mtetezi Tangu 1966

Shule niliyosoma mimi iko Makambako, na aliyewahi kushuka stendi ya Makambako mwezi wa saba anajua nikisema upepo namaanisha nini. Timu ya mpira wa mikono ni watu saba, kipa akiwemo. Sisi tulikuwa tunahesabu wanane. Kipindi cha kwanza upepo unachezea kwenu, cha pili unahamia kwa wenzenu, na refa hana filimbi ya kuukataza.

Uwanja alikuwa anauchora mwalimu wa michezo mwenyewe. Anajaza majivu ya jiko la shule kwenye debe, anachukua kamba ya katani ya mita sita, anafunga ncha moja kwenye nguzo ya goli, kisha anazunguka na ncha ya pili kinyumenyume huku anamwaga majivu kidogokidogo. Robo duara. Anahamia nguzo ya pili, robo duara nyingine. Halafu anaziunganisha kwa mstari mnyoofu wa mita tatu mbele ya goli. Kwa hiyo ile "D" ya mpira wa mikono, kwa wasiojua, si nusu duara kamili, tumboni imenyooka. Magoli yalikuwa ya miti ya mikaratusi, nyavu hakuna, na ubishi wa "limeingia" na "limepita pembeni" ulikuwa sehemu ya mazoezi.

Siku moja tukiwa tunajiandaa na UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, akatuambia, "Huu mchezo wenzenu wanauchezea ndani."

"Ndani ya nini, Mwalimu?"

"Ndani ya nyumba. Kuna paa."

Tulicheka mpaka akakasirika. Nyumba gani hiyo ambayo watu kumi na wanne wanakimbizana humo na mpira? Nilikuja kuamini baadaye sana, nilipoingia Uwanja wa Ndani wa Taifa, Dar es Salaam. Kilichonishangaza hata si paa, ni sauti: viatu vinalia sakafuni, mpira ukidundwa unarudi mkononi palepale unapoutegemea. Kwetu ukiudunda unakutana na kokoto, na kokoto ndiyo inayoamua pasi iende kwa nani.

Yule mwalimu alitupa nusu ya habari. Nusu ya pili nimeipata ukubwani, nilipoanza kuifuatilia historia ya mchezo huu kama watu wengine wanavyofuatilia usajili wa Simba na Yanga. Mpira wa mikono ulianzia nje. Ulichezwa kwenye nyasi, watu kumi na mmoja kila upande, na ulikuwa na mashindano yake ya ubingwa wa dunia ya wanaume, yaliyofanyika mara saba kati ya 1938 na 1966. Kisha yakaachwa. Vita vya Pili vya Dunia viliyakuta bado machanga na vikashindwa kuyaua. Yaliuawa na paa.

Ngoja nieleze mchezo wenyewe ulivyokuwa, maana ukiusoma harakaharaka utadhani ni soka la watu waliosahau kutumia miguu. Uwanja ulikuwa wa ukubwa wa soka. Goli lilikuwa la soka lenyewe, mita 7.32 kwa 2.44. Mbele yake inachorwa nusu duara ya mita 13, humo anakaa kipa peke yake, na penalti inapigwa kutoka mita 14. Kuotea kulikuwepo. Dakika ni thelathini kwa thelathini. Ukishika mpira una hatua tatu, kisha uudunde au uutoe. Fikiria basi beki amenyang'anya mpira golini kwake na goli la wapinzani liko mita mia mbele: timu nzima inakimbia kwenda, timu nzima inakimbia kurudi. Baadaye sheria zilibadilishwa, uwanja ukagawanywa mara tatu na idadi ya watu wanaoruhusiwa kurundikana kwenye theluthi moja ikawekewa kikomo, wasizidi sita wa kushambulia na sita wa kuzuia. Mchezo ukianza kuwekewa sheria za kupunguza msongamano, ujue watazamaji wameshaanza kupiga miayo.

Uliandikiwa sheria Berlin, tarehe 29 Oktoba 1917, na mtu aitwaye Max Heiser, na alikusudia uwe mchezo wa wanawake. Miaka miwili baadaye Carl Schelenz, mwalimu wa mazoezi ya viungo wa mji huohuo, akaupunguza mpira ukubwa, akaruhusu watu kugusana miili, na wanaume wakauchukua. (Wadenmark watakuambia mwalimu wao, Holger Nielsen, alikuwa na mchezo wa namna hii tangu mwishoni mwa karne ya 19, na hawakosei. Lakini ule wa uwanja mkubwa ni wa Wajerumani.) Wenye mchezo, yaani wanawake, walisubiri ubingwa wao wa dunia wa nje mpaka 1949, pale Budapest, Hungary wakashinda. Ukachezwa tena 1956 Ujerumani Magharibi na 1960 Uholanzi, mara zote mbili Romania wakabeba. Mara tatu tu, basi. Wao waliandikiwa mchezo kwanza, na mashindano yao ndiyo yaliyotangulia kuzikwa.

Mechi ya kwanza ya kimataifa ya wanaume ilichezwa Halle, Ujerumani, Septemba 1925. Wenyeji walifungwa na Austria 6-3. Nakuomba uikumbuke, kwa sababu huko mbele Ujerumani kufungwa inakuwa habari adimu.

Mwaka 1936, Olimpiki za Berlin, mchezo uliingizwa kwa timu sita. Ujerumani iliifunga Hungary 22-0, ikaifunga Marekani 29-1. Fainali ilikuwa dhidi ya Austria, mvua inanyesha, kwenye uwanja wenye watu wanaokaribia 100,000. Wajerumani 10, Austria 6. Huwa natulia kwenye hiyo laki moja. Watu laki moja wameloa, wanatazama mpira wa mikono! Sisi tukicheza robo fainali ya kanda mbele ya wapishi wa shule na ng'ombe wawili tulikuwa tunajiona tumefika.

Miaka miwili baadaye Ujerumani ikaandaa ubingwa wa kwanza wa dunia wa mchezo wa nje, timu kumi, fainali palepale Berlin, Julai 1938. Mpinzani alikuwa Uswisi. Austria haikuwepo tena kwenye ramani. Hitler alikuwa ameimeza Machi ya mwaka huo, na wachezaji wake wakavalishwa jezi ya aliyewameza. Februari Austria ilikuwa nchi, na ilishika nafasi ya pili katika ubingwa mdogo wa ukumbini uliofanyika Berlin, timu nne tu. Julai haipo. Fainali iliisha 23-0. Kwenye mpira wa mikono hata timu ya darasa la tano inaambulia bao moja. Sifuri katika fainali ya dunia inaniambia kuwa siku ile uwanjani ilikuwepo timu moja.

Baada ya vita, mwaka 1946, nchi nane zilikutana Copenhagen zikaunda shirikisho jipya la kimataifa. Ujerumani haikualikwa, wala haikuruhusiwa kucheza ubingwa wa 1948 kule Ufaransa. Sweden wakaifunga Denmark 11-4 katika fainali, wakawa mabingwa. Ni mara pekee katika zile saba ambapo kombe halikuchukuliwa na Wajerumani wa aina fulani. Walirudi 1952 nchini Uswisi, wakawafunga mabingwa hao 19-8. Mwaka 1955 wakawa wenyeji na kuishinda Uswisi 25-13 pale Dortmund.

Nyota wa makombe hayo mawili alikuwa Bernhard Kempa wa klabu ya Göppingen. Jina lake linaishi mpaka leo, tena kwenye mchezo wa ukumbini. Sheria inasema mshambuliaji haruhusiwi kukanyaga eneo la kipa, lakini haisemi kitu kuhusu hewa iliyo juu yake. Kempa na wenzake wakaiona nafasi hiyo, wakaionyesha mwaka 1954 dhidi ya Sweden: mchezaji anaruka kutoka nje ya mstari, pasi inamkuta angani, anaidaka na kufunga kabla mguu haujagusa chini. Dunia nzima inaliita pigo la Kempa. Sisi tulikuwa tunaliita helikopta, na tulidhani amelibuni kijana mmoja wa kidato cha tatu.

Sasa tufike kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Ubingwa wa 1959 uliandaliwa na Austria. Wakati huo Ujerumani ni nchi mbili, ya Mashariki na ya Magharibi, kila moja na serikali yake, fedha yake na marafiki zake. Ila kwenye mashindano yale ziliingia timu moja ya pamoja. Wakacheza fainali Vienna dhidi ya Romania, wakashinda 14-11. Kombe moja, nchi mbili. Nimewahi kujiuliza lilikaa kabatini kwa nani.

Agosti 1961 ukajengwa ukuta Berlin. Juni 1963, ubingwa uliofuata, Uswisi, Wajerumani walikuja wakiwa timu mbili. Zikapita kila kikwazo na kukutana fainali, Basel. Hebu piga picha hiyo mechi. Mchezo ni wa kwao wote wawili, umezaliwa katika mji ambao sasa una ukuta katikati. Makocha wamejifunza vitabu vilevile. Miaka minne nyuma nchi zao zilikuwa jezi moja. Sisi tunasema watani wa jadi kwa Simba na Yanga, ambao Jumatatu wanakaa kibanda kimoja cha kahawa na kutukanana kwa raha. Hawa hawakuwa na kibanda cha kukutania. Mashariki walishinda, 14-7. Mara mbili kamili. Magharibi ndiyo waliokuwa wakubwa kwa watu na kwa mali, kwa hiyo naamini kipigo hicho kiliuma kuliko namba zinavyoonyesha.

Kisha 1966, Austria tena. Timu sita tu: Wajerumani wawili, Austria, Uswisi, Poland na Uholanzi. Fainali haikuwepo, kila mmoja alicheza na kila mmoja na alama zikahesabiwa. Ubingwa wa dunia wenye timu sita, zote za Ulaya, ni harusi ambayo wageni wote ni ndugu. Wajerumani waliwafunga wengine wote na kukutana Linz. Humo alikuwemo Herbert Lübking wa Dankersen, mfungaji hatari, wa upande wa Magharibi. Ikaisha 15-15. Sare! Alama sawa, ikabidi ihesabiwe tofauti ya mabao, Magharibi wakapewa ubingwa.

Na hapo ndipo palipofungwa. Hakuna aliyesimama kutangaza kwamba haya ndiyo ya mwisho. Hayakuitishwa tena, basi. Kwa hiyo ukitaka kuwa mbishi, bingwa mtetezi wa dunia wa mpira wa mikono wa nje mpaka leo ni Ujerumani Magharibi, nchi ambayo haipo kwa jina hilo, kwa tofauti ya mabao, dhidi ya nchi ambayo haipo kabisa.

Kwa nini yalikufa? Ukiwauliza Waskandinavia watakuambia baridi. Sweden na Denmark uwanja ukigeuka barafu hukai nje saa nzima na kaptula. Walihamia ukumbini, watu saba kwa saba, mita 40 kwa 20, na huko wakagundua kitu ambacho mchezo wa nje haukuwa nacho: kasi. Huhitaji kukimbia mita mia ili ufike kwenye raha. Bao linafungwa, kipa anarusha, sekunde tano zijazo upo golini upande wa pili. Ubingwa wa dunia wa ukumbini ulirudishwa 1954 na haukusimama tena.

Lakini mimi nina neno langu, na sidhani Wajerumani watalipenda. Angalia orodha ya mabingwa wa ukumbini miaka hiyohiyo: 1954 Sweden, 1958 Sweden, 1961 Romania, 1964 Romania, 1967 Czechoslovakia. Wajerumani hawamo, na ile ya 1958 ilichezwa Ujerumani Mashariki, ile ya 1961 Ujerumani Magharibi! Sasa wewe ni kiongozi wa shirikisho la Romania au la Sweden, una fedha za mchezo mmoja. Utaziweka kwenye ule ambao Mjerumani anabeba kila mwaka, au kwenye ule ambao kombe linakuja kwako? Mashindano ambayo mshindi wake anajulikana kabla ya ratiba kutoka hayahitaji adui. Watu wataacha kuja, mmoja mmoja, kwa adabu, mpaka mbaki sita.

Mwaka 1965 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikaamua kuurudisha mpira wa mikono kwenye michezo yake, na ulioingia ni wa ukumbini. Ulichezwa Munich 1972, kwenye ardhi ya Wajerumani, na Yugoslavia wakachukua dhahabu. Huku nyuma Ujerumani Magharibi ilikuwa imeanzisha ligi kuu ya taifa ya mchezo wa nje mwaka 1967, mwaka mmoja baada ya Linz, sawa na kutandika jamvi wageni wakiwa wameshapanda gari. Ilifungwa 1973. Ubingwa wa taifa ukachezwa mara ya mwisho 1975.

Waafrika tupo wapi kwenye habari hii? Kwenye ule wa nje hatupo. Kwenye wa ukumbini tumo mapema: Tunisia walicheza Munich 1972, na miaka miwili baadaye wakaandaa kwao ubingwa wa kwanza wa Afrika na kuubeba. Nilipoliona hilo ndipo nilipoelewa kitu kuhusu uwanja wetu wa majivu. Siku zote nilidhani tunacheza nje kwa sababu ya umaskini, kwamba tunauchezea mchezo wa watu mahali pasipo pake. Lakini shule yetu ilikuwa na kiwanja kimoja kikubwa, na hicho ni cha soka, hakuna mjadala. Mchezo wa watu kumi na mmoja usingepata pa kukanyaga hata siku moja. Mita 40 kwa 20 inaenea nyuma ya bwalo la chakula, kati ya bomba la maji na mabweni. Sheria zilizopimwa ili zitoshe chini ya paa zilitufaa sisi ambao paa hatukuwa nalo. Tulipata sheria za mshindi na hali ya hewa ya aliyeshindwa.

Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani, na hili jambo lilikuwa limenikaa kichwani. Nikawachukua wapwa zangu watatu, mpira, debe la majivu kutoka kwa mama, na kamba niliyoipima mita 13. Tukaenda kiwanja cha soka cha shule ya msingi. Nikapigilia kigingi katikati ya goli, nikazunguka kinyumenyume kama mwalimu wangu. Mita 13 kwenye karatasi ni kitu kidogo. Ukizunguka nayo kwa miguu inakuchukua mpaka unadhani umepotea, na ukisimama pale kwenye mstari, goli liko mbali kama nyumba ya jirani.

Mtoto wa mwisho, wa miaka kumi na miwili, tukampa ukipa. Akasimama katikati ya zile nguzo, akanyoosha mikono huku na huku, akaishusha.

"Mjomba, hili goli ni la watu watatu."

Nikarusha wa kwanza kwa nguvu zangu zote za miaka arobaini na kitu. Upepo uliudaka njiani, ukadunda mara mbili, ukamfikia kipa mikononi kama zawadi. Wakubwa wake wakacheka. Yule mkubwa akajaribu kwa hatua tatu, akaruka, akatupa akiwa bado juu, na mpira ukaenda moja kwa moja kwenye kona ya juu. Kipa hata hakujisumbua. Tulirusha kama saa nzima. Kilichonishinda ni kule kukimbia: tulijaribu mara moja tu kutoka goli moja hadi la pili, kwa pasi, watatu dhidi ya hakuna mtu, na tulipofika nilikaa chini. Wachezaji wa Linz walifanya hivyo dakika sitini, na mwisho wake wakaambiwa ni sare.

Mlinzi wa shule alikuja taratibu, fimbo mkononi, akasimama kwenye mstari wangu akiutazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hii nini tena?"

Nikamweleza kwamba ni mpira wa mikono, wa zamani, wa watu kumi na mmoja. Akasikiliza mpaka mwisho. Akazungusha macho kufuata duara lote, kutoka pembeni mpaka pembeni.

"Sawa," akasema. "Lakini mkimaliza mfute. Kesho kuna mpira."